Fundi wa Simu ya Shamba Afundishwe Nini?



Dominika iliyopita, baada ya Misa, mzee mmoja wa hapa Ifakara alinishika mkono akanivuta chini ya mwembe. "Mwalimu," akasema, "mjukuu wangu yuko Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine. Nilidhani anasoma kilimo, kumbe anasoma kompyuta! Sasa amekuja likizo, ataka kuupiga picha mpunga wangu kwa simu aliyoitia programu yake, eti simu itauagua. Je, huo si uganga?"

Nilicheka, lakini swali lake si la kuchekwa.

Uganga sio. Iko programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na wataalamu wa IITA. Hutazama jani la muhogo na kusema kama lina batobato au michirizi ya kahawia, hata mahali pasipo mtandao. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya kuipima. Katika majibu 100 ilipatia 65. Mabwana shamba walipatia 40 hadi 58, na wakulima wenyewe 18 hadi 31 tu. Ilipoonyeshwa majani sita ya mmea mmoja badala ya jani moja, ilipatia 74 hadi 88.

"Ehe! Simu imemshinda bwana shamba!" akasema mzee.

Nikamwambia, mzee wangu, hesabu na upande wa pili. Aliyepatia mara 65 amekosa mara 35, na shamba lililokosewa ni la mtu, lina watoto nyuma yake.

Tuutazame mpunga wa bonde letu la Kilombero. Majani yakigeuka manjano, huenda ni njaa ya mbolea, au huenda ni kimyanga, ugonjwa wa virusi uenezwao na wadudu. Kwa macho vyafanana kama ndugu. Njaa huondoka kwa urea, lakini kimyanga hakina dawa, wala mbolea haikiponyi. Basi simu ikisema "njaa" penye kimyanga, mtu atauza mbuzi anunue mbolea bure, na mashina yenye ugonjwa yatabaki shambani yakiambukiza mengine. Kwa hiyo kijana asiridhike kwamba programu yake yafanya kazi mezani pa chuo. Aje matopeni, wakati wa mawingu, na simu ya bei rahisi yenye kioo kilichopasuka. Tena aifundishe simu yake kusema, "Sijui, mwite bwana shamba." Naona hilo ni gumu kwa simu kama lilivyo gumu kwa sisi walimu.

Liko na jambo la kufuli. Tangu mwaka 2022 wakulima wameandikishwa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, na habari zao zimeingia katika mtambo wa Serikali. Programu za watu binafsi nazo huuliza jina, namba ya simu, heka ngapi, umevuna magunia mangapi. Habari hizo ni kama ghala. Mwizi akijua juma ulilouza mpunga, ajua pia siku ya kukuletea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwa namba hii". Mimi mwenyewe niliwahi kumpa kijana nisiyemjua namba yangu ya siri anisaidie kuangalia salio, na fedha ya palizi ikaenda zake. Namsimulia kila mtu, aibu imekwisha.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayekusanya habari zako yampasa akuambie ni za kazi gani. Mwanafunzi aijue sheria hiyo kama ajuavyo hesabu zake, na asichukue zaidi ya haja. Anayetaka kuona jani la mpunga ana shida gani na namba ya kitambulisho chako?

Jumatatu mzee alinipitia nyumbani. Alimwuliza mjukuu maswali matatu. La kwanza, "Simu yako ikikosea, nitajuaje?" Kijana akasema ameiweka ionyeshe ina hakika kiasi gani. La pili, "Picha za kuifundishia ulizipata wapi?" Akajibu, Dakawa, na si huku kwetu, akakiri kwamba hilo ni pungufu. La tatu, "Nani mwingine ataziona picha na habari za shamba langu?"

Kijana akanyamaza. Kisha akasema, "Babu, picha huenda kwenye kompyuta ya watu wengine. Sijawauliza."

"Basi kawaulize," akasema mzee. "Mpunga upo, tutaupiga picha ukirudi."