Mtoto amepimwa, na mama je?

JUZI mama mmoja alimleta mtoto wake wa wiki sita kliniki kuchanjwa. Mtoto alikuwa buheri wa afya. Nilipomuuliza mama, "Na wewe, unapata usingizi?" aliinamisha kichwa akaangua kilio. Mumewe alishangaa. "Daktari, huyu hana shida. Kila kitu namnunulia."

Akina baba wengi husema hivyo, wala si kwa ubaya. Lakini anachokosa mama aghalabu hakiuzwi dukani.

Siku chache baada ya kujifungua, akina mama wengi hulia bila sababu. Hali hiyo huisha yenyewe kabla ya wiki mbili. Ikizidi hapo, mama akakosa usingizi hata mtoto anapolala, akasusia chakula na kujiona hafai kuwa mzazi, huo ni ugonjwa. Si uvivu, si deko, wala hakurogwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu akina mama 20 kati ya 100 waliojifungua hupatwa na maradhi ya akili, hasa mfadhaiko.

Desturi zetu zililijua jambo hili. Huko Pwani mzazi hukaa ndani siku 40, akikandwa kwa maji moto, akipikiwa na kupokewa mtoto. Hapa Nairobi, nyanya yuko mashambani na mume yuko kazini. Wageni huja kumwona mtoto, wakamsifu, wakanywa chai iliyopikwa na mzazi huyo huyo!

Sheria ya Uajiri ya 2007 inampa baba likizo ya wiki mbili yenye malipo. Mwenzangu, itumie nyumbani. Amka usiku umbembeleze mtoto, fua nepi, mwache mama alale. Nawe mgeni, njoo na uji kwenye chupa.

Nasi madaktari tuna lawama. Twampima mtoto uzani, mama hatumuulizi lolote, ilhali tangu 1987 kuna maswali 10 ya kutambua maradhi haya, yanayojibiwa kwa dakika chache tu. Ugonjwa huu hutibika, kwa ushauri na, ikibidi, kwa dawa.

Mama akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kutaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, usimwache peke yake. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hawakusema kazi hiyo ni ya mtu mmoja.