Mutoto wa Hapa ni Nani?

Vijana wenzetu, sinagoga ya Lubumbashi ilijengwa karibu 1930, muji ukiitwa Elisabethville. Waliosali mule, wengi walitoka kisiwa cha Rhodes. Mwaka 1944 Wanazi wakabeba ndugu zao waliobaki kule. Toka pale, kwao kukawa hapa. Rabi Moïse Levy alifika 1937, akakaa nao zaidi ya miaka 50. Sawa, wakati wa Wabelgiji rangi iliwasaidia. Lakini leo, hata wamebaki wachache sana, sijasikia mutu anawauliza kijiji.

Mimi nilizaliwa Katuba. Niko na diploma, kazi hakuna. Kila ofisi: "Babu yako ni wa wapi?" Swali lile lile lilifukuza Wakasai 1992-1993, wakalala kwenye stesheni wakingojea treni.

Tunaomba litoke kwenye fomu za kazi.