Wingu Limeboreshwa, Lakini Je, Pesa Yangu Itafika?

Matangazo ya "tumeboresha mfumo" yamekuwa mengi siku hizi. Kampuni ya malipo huandika kwamba imehamia kwenye wingu, kwamba mfumo mpya una kasi na usalama zaidi, basi, tangazo limeisha. Anayeuza mihogo na madafu Mama Ngina Drive, hapa Kizingo, hulisoma na kubaki na swali lake lile lile: Jumapili jioni watu wamejaa, mteja akinilipa kwa simu, pesa itaingia au haitaingia?

Kwa maoni yetu, swali hilo ndilo kipimo. Sasisho la wingu ambalo haliwezi kumjibu muuza mihogo kwa lugha anayoielewa bado halijakamilika, hata kama wahandisi wamelipigia makofi.

Wingu liko chini, si juu

Jina lenyewe linapoteza watu. Wingu ni seva, yaani kompyuta kubwa zilizopangwa ndani ya jengo lenye umeme wa akiba na mitambo ya kupoza joto. Kampuni nyingi huzikodi badala ya kununua zao. Ukibonyeza "tuma", ombi lako hutoka kwenye simu hadi mnara, na kutoka mnara hadi seva. Seva huhakiki namba ya siri, hutazama salio, hutoa huku, hutia kule, kisha huwatumia nyote wawili ujumbe. Yote hayo kwa sekunde chache.

Sasa seva hiyo iko wapi? Hadi mwaka 2015 seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani. Yaani dafu likilipiwa Kizingo, hesabu ilikwenda Ulaya na kurudi. Mwaka huo Safaricom ilizihamishia Kenya.

Njia ya kwenda ng'ambo nayo hupita baharini. Juni 2009 kebo ya TEAMS kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, ilipokelewa hapa Mombasa, na Julai Seacom ikaanza kazi. Kebo hizo zilitufungulia mlango, lakini zina adui zake. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini iliteremsha nanga mahali pasiporuhusiwa, ikaikata TEAMS. Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania na nchi jirani. Wingu likiwa mbali, nanga moja yatosha kukutenga nalo.

Mapya yaliyokuja ni ya kweli

Hatusemi wingu ni porojo. Kuna mambo matatu mapya yanayomgusa mteja moja kwa moja.

La kwanza, mfumo unaweza kufanya kazi katika vituo viwili au zaidi kwa wakati mmoja. Zamani kituo cha pili kilikaa tu kama gurudumu la akiba, likingoja pancha. Sasa vyote vinazunguka, na kimoja kikizimika, kingine kinabeba mzigo.

La pili, uwezo huongezwa pale watu wanapozidi: mwisho wa mwezi, mkesha wa Idi, wiki za Krismasi. Septemba 2025 Safaricom ilihamisha M-Pesa kwenye mfumo mpya wa aina hii, wenye uwezo wa miamala 6,000 kwa sekunde, unaoweza kupanuliwa hadi 12,000.

La tatu, masasisho hufanywa kipande kwa kipande bila kuzima kila kitu. Fikiria kivuko cha Likoni: feri moja ikipelekwa kukarabatiwa, nyingine zinaendelea kuvusha watu. Ndivyo seva zinavyopokezana.

Yasiyoandikwa kwenye tangazo

Wingu likikodishwa na wengi, likianguka huanguka na wengi. Tarehe 20 Oktoba 2025 hitilafu ilitokea kwenye vituo vya Amazon huko Virginia, Marekani. Chanzo kilikuwa kwenye orodha ya anwani ambayo kompyuta hutumia kutafutana. Seva hazikuungua wala hazikuibiwa, ila hazikuweza kupatikana. Huduma nyingi duniani zilikwama, zikiwemo za kulipa kama Venmo. Wahenga walishasema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Wako wanaojibu, "Mimi natumia menyu ya nyota na reli, sina haja na intaneti, wingu halinihusu." Hapo pana nusu ya ukweli. Menyu hiyo haili bando lako, na simu ya kitufe inaitosha. Lakini mwisho wa safari ombi lako hufika kwenye seva zile zile za kampuni ya malipo. Zikilala, menyu nayo italala.

Wengine husema mteja hana haja ya kujua haya, atachanganyikiwa bure. Tunapinga. Mteja asiyeelewa ndiye anayewindwa na matapeli. Kampuni ikitangaza mfumo mpya, matapeli nao hupiga simu: "Tunaboresha laini yako, hebu taja namba ya siri tukuhamishe." Aliyeelezwa vizuri kwamba uhamisho wa seva hauhitaji chochote kutoka kwake atakata simu hiyo. Aliyefichwa atataja.

Tunachosimamia

Kampuni za malipo, nasi tukiwemo, zina deni la mambo matatu kwa mteja.

Taarifa ya mapema. Kabla ya ukarabati, ujumbe mfupi uje kwa Kiswahili, ukitaja saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Tangazo la kwenye tovuti peke yake halimfikii mwenye simu ya kitufe.

Ukweli kuhusu data iliko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje, na inaweka masharti kabla hazijapelekwa nje ya nchi. Jibu la "ziko kwenye wingu" si jibu.

Maneno sahihi muamala unaponing'inia. "Jaribu tena" ndiyo kauli ya hatari kuliko zote, kwa sababu humfanya mtu alipe mara mbili. Mteja aambiwe wazi: pesa imetoka, haijatoka, au inashughulikiwa na itajulikana saa ngapi.

Na wewe mteja ufanye nini?

Ujumbe ukichelewa, usilipe tena kwanza. Angalia salio, kisha taarifa ya akaunti. Kama pesa imetoka, chukua namba ya muamala uwasiliane na huduma kwa wateja.

Kama wewe ndiwe muuzaji, usitoe bidhaa kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi. Subiri ujumbe wako mwenyewe, au angalia salio lako.

Namba ya siri usimpe mtu, awe amejitambulisha kama nani. Hakuna sasisho linaloihitaji kwa mdomo.

Na ukisikia kuna ukarabati usiku, tuma nauli ya mtoto au pesa ya dawa mapema. Dalili ya mvua ni mawingu.

La mwisho linaweza kushangaza likitoka kwetu: weka noti mbili tatu mfukoni. Ndiyo, sisi kampuni ya malipo kwa simu ndio tunaosema hivyo. Mfumo wetu tunauamini, lakini hakuna seva duniani isiyozimika, na mtu hapaswi kulala njaa au kukwama stejini kwa sababu kebo imekatika.