Nilivyoumbuka na matairi makubwa Makere

Mnaonisoma siku zote mnajua kwamba mimi kwa magari ni mgonjwa. Wapo wanaougua mpira, wapo wanaougua warembo, mimi naugua Landcruiser. Leo naomba mnivumilie niungame, maana aibu ukikaa nayo kifuani inageuka vidonda vya tumbo.

Mchuma wangu ni Landcruiser GX ya mwaka 1994, ile ambayo wenye nayo wanaiita themanini, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo. Chombo cha kazi. Lakini mtu mzima nikaona halitoshi ubishoo. Nikalipeleka gereji, likafungwa springi ndefu na shokapu za kulingana nazo, likainuka inchi mbili. Halafu nikatoa matairi ya 275/70R16 niliyolikuta nayo, nikavaa 315/75R16 yenye meno kama mamba. Bwana wee! Nikipita Sinza jioni, watu kijiweni wanageuza shingo. Hata mimi mwenyewe nilikuwa nalichungulia kwenye vioo vya maduka.

Fundi aliyenifungia, mzee mmoja mpole asiyependa makuu, aliuliza swali moja tu: "Bosi, na difu je?" Nikacheka. Nikamwambia difu ni nzima, haivuji hata tone. Akatikisa kichwa, akaendelea kukaza nati.

Sasa sikieni hesabu aliyokuwa anaizungumzia yule mzee, maana mimi niliielewa nikiwa nimeshaadhirika. Tairi langu la zamani lilikuwa na kimo cha milimita 791. Jipya lina 879. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 11. Kwenye difu yangu propela shafti ilikuwa inazunguka mara nne na kidogo, 4.11 kwa vipimo vya mafundi, ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Gurudumu likiwa kubwa, mzunguko huo mmoja unakwenda mbali zaidi, kwa hiyo injini ileile inabeba kazi nzito zaidi kwa kila mzunguko. Ni kama umepanda baiskeli ukang'ang'ania gia ya mteremko wakati mbele yako kuna mlima. Kwa gari langu ilikuwa sawa na kushusha difu kutoka 4.11 hadi 3.70 hivi, na injini haina turbo ya kuisaidia.

Na jambo jingine ambalo mabishoo wengi hatulijui: springi ndefu zinainua bodi tu. Ekseli na lile bufuru la difu vinabaki palepale vilipokuwa. Kinachoinua difu kutoka kwenye jiwe ni tairi peke yake, tena kwa nusu ya nyongeza, yaani milimita 44 kwa gari langu. Kelele yote ile, sentimita nne na ushee!

Dalili nilizipata mapema, nikazipuuza. Gia ya tano ikawa pambo, kila kimlima narudi ya nne, mara ya tatu. Breki nazo zikawa zinataka mguu mzito, maana gurudumu kubwa ni wenzo mrefu dhidi ya breki zilezile. Siku moja trafiki akanipiga tochi kwenye eneo la 50, mshale wangu ukionyesha 50 kamili. Tochi ikasema 55. Nikabisha mpaka povu likanitoka, kumbe afande yuko sahihi, spidomita yangu ndiyo iliyokuwa inanidanganya kwa sababu haikujua kwamba nimebadili viatu. Elfu 30 ikaondoka.

Basi, Novemba hiyo nikafunga safari kwenda kwa kaka yangu, huko vijijini ndani ya Makere, kati ya Kasulu na Kibondo. Barabara kuu ya kule siku hizi ni lami sehemu kubwa, si ile ya miaka ya tisini ambapo malori ya chakula cha wakimbizi yalikuwa yanalala porini siku kadhaa yakisubiri tope likauke. Lakini ukichepuka tu, unakutana na udongo mwekundu uleule, na mvua za Kigoma zinaanza Oktoba hadi Mei. Nilifika kwa mbwembwe, watoto wakalikimbilia gari, na mimi nikashuka taratibu ili wanione vizuri.

Usiku wa tatu shemeji akashikwa na uchungu. Mtoto wa kwanza, na kwa mujibu wa mahesabu ya kliniki ilikuwa bado wiki mbili. Mvua inanyesha kama imekodiwa. Kaka hakuuliza hata kidogo, alinitazama tu, kisha akalitazama gari. Tukapakiana: shemeji, kaka, mama mkwe wake, majirani wawili wa kusukuma likikwama, na gunia la maharage ambalo lilikuwa ndani tangu mchana, nikasema litaongeza uzito tusiteleze.

Kuna mlima mmoja kabla ya kufika barabara kuu. Nikauingia na gia ya kwanza. Katikati gari likapiga miayo, likazima. Nikawasha, nikakanyaga mafuta, nikaachia klachi nusu nusu ili lisizime tena. Likasogea hatua mbili, likarudi moja. Likasogea tena. Harufu ikaanza, ile ya klachi inayoungua, na shemeji huku nyuma analia, mama mkwe anasali. Nilipokumbuka kuingiza gia ndogo za forwili, ambazo ningeziingiza tangu chini kabla ya mlima, klachi ilishakwisha. Injini inanguruma, gari limesimama kama nyumba.

Sitasahau macho ya kaka yangu.

Nusu saa baadaye tukaona taa. Landcruiser pikapu kuukuu, yenye mkonga wa kuvutia hewa, matairi membamba ya 7.50R16 kama ya trekta la mbele, na magunia nyuma. Dereva ni mzee wa Kiha, mfanyabiashara wa maharage. Hakuuliza jina la mtu. Alishusha vijana wake wawili kutoka kabini, akawapisha shemeji na mama mkwe, kaka akadandia juu ya magunia. Yale matairi membamba yakachana tope mpaka yakakuta ardhi ngumu chini, yakapanda mlima tuk-tuk-tuk bila haraka. Mimi na mabango yangu ya meno ya mamba tukabaki na wale vijana, tunanyeshewa. Mtoto alizaliwa kabla ya alfajiri, wa kiume, mzima wa afya.

Gari lilivutwa mpaka Kasulu, likafungwa klachi nyingine, na niliporudi Dar nikaenda moja kwa moja kwa yule fundi mpole. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Tukaagiza krauni na pinioni za 4.88, za mbele na za nyuma, maana hizi mbili lazima zilingane. Zikitofautiana, ukifunga forwili zinavutana mpaka kitu kipasuke. Na kwa gari hili ya mbele na ya nyuma si kipuri kimoja, ukinunua mbili za nyuma umeliwa. Fundi alichukua siku mbili kupima nafasi ya meno, akipaka rangi, akizungusha, akifungua na kuongeza vishimu vyembamba kama karatasi, kisha anaanza upya. Akaniamuru niendeshe polepole kilomita 800, nimwage oili, niweke mpya. Gharama yake ni pikipiki mpya, na msiniulize zaidi, mke wangu anasoma gazeti hili.

Matokeo yake? Gari lina nguvu kuliko lilivyotoka kiwandani kwa kama asilimia 7, na mshale ukionyesha 50 ninakwenda 47, kwa hiyo mimi na tochi tumemalizana. Kwenye lami linanguruma zaidi kidogo, navumilia.

Desemba nimerudi Makere. Mtoto anatembea. Yule mzee wa maharage nilimkuta gulioni, akalizunguka gari langu mara mbili, akachuchumaa kutazama chini, akaniuliza hiyo difu nimenunua kiasi gani. Nikamtajia.

"Mwanangu," akasema, "kwa hela hiyo si ungenunua matairi membamba?"