Akiba Iozayo

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Lakini iko akiba iozayo nayo haijatumiwa: lile tairi dogo jembamba la spea lililolala nyuma ya gari kuukuu. Mpira huzeeka kwa joto na hewa, hata usipogusa barabara.

Magari mengi tuyaonayo hapa Ubaruku yametoka Japani yakiwa yamekwisha tumika, na mara nyingi spea ni ile ile ya kiwandani. Mwenye gari na atazame ubavuni mwa tairi, penye herufi DOT, tarakimu nne za mwisho: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Likipita miaka 10 halifai tena, lijapokuwa jipya machoni. Na anunuaye la mtumba aisome tarehe kwanza, asije akanunua uzee mwingine.

Tena tairi hili hujazwa upepo paundi 60, karibu mara mbili ya mengine, wala halipaswi kupita kilomita 80 kwa saa.

Enyi vijana, apakiaye jamaa zake usiku kwenda Mbeya amechukua roho za watu, na roho ni amana. Spea na ikaguliwe nyumbani, si porini.