Kupanga Matembezi ya Dar es Salaam kwa Simu



Kila likizo za shule zinapokaribia, nyumba nyingi za hapa Tanga huwa na shauri moja, nalo ni kuwapeleka watoto Dar es Salaam wakauone mji. Zamani shauri hilo lilikuwa jepesi. Baba alimpelekea barua nduguye wa Ilala au Kariakoo, jamaa wakapanda basi, na mengine yote yakawa juu ya mwenyeji. Leo ndugu huyo aghalabu amepanga vyumba viwili, naye ana watoto wake. Kumpelekea watu sita kwa wiki nzima ni kumtia dhiki ambayo hawezi kuisema kwa ulimi. Ndipo vijana husema, "Baba, tutatafuta nyumba katika simu." Nasi twaona wana haki, mradi wazee wasiwaachie kazi hiyo peke yao.

Bwana mmoja wa hapa Nguvumali aliweka akiba mwaka mzima kwa safari ya namna hiyo. Binti yake akaona mtandaoni picha za nyumba ya vyumba vitatu, safi, na kodi yake ndogo mno. Aliyejiita mwenye nyumba akataka nusu ya kodi siku ile ile, kwani, alisema, wako wageni wengine wawili wanaoitaka. Bwana yule alikwisha kubonyeza tarakimu zote, na jina likatokea katika kioo cha simu: jina la mtu mwingine kabisa. Mkewe akamshika mkono. "Baba watoto, ngoja kwanza. Muulize huyu ni nani." Alipouliza, simu ikakatwa, wala haikupokewa tena.

Basi jina lile linalotokea kabla ya kutia namba ya siri ni shahidi asiyefaa kudharauliwa. Kadhalika ukipanga nyumba kwa njia ya Airbnb, fedha hukaa kwa kampuni, na mwenye nyumba hulipwa baada ya mgeni kuingia, katika Booking.com hoteli nyingi hukubali ulipe ufikapo. Walakini mwenye nyumba akikuambia, "Tuachane na programu hii, nitumie mwenyewe nikupunguzie," ujue amekutoa penye ulinzi, na fedha ikipotea hutakuwa na wa kumdai. Ujumbe wa kitapeli upelekwe katika namba 15040, iliyowekwa na TCRA. Na hapa ndipo ndugu wa Ilala anapofaa kuliko programu zote: badala ya kumlaza watu sita sebuleni, mwombe aende akaitazame nyumba hiyo kwa macho yake.

Liko na jambo la majina ya mahali. Mabasi ya kutoka Kange hufika katika stendi kuu ya Mbezi Luis, iliyo katika barabara ya Morogoro. Mgeni akiona nyumba imeandikwa "Mbezi" hufurahi, akidhani atashuka na kwenda kwa miguu. Kumbe nyumba iko Mbezi Beach, upande wa barabara ya Bagamoyo, mwendo mrefu kutoka hapo, na watoto wamechoka na mizigo i mikononi. Google Maps ingelimwonyesha hayo kwa dakika moja, lau angeliuliza njia ya kutoka stendi hadi mlangoni.

Tiketi za basi siku hizi hukatwa mtandaoni, na nauli za kikomo hutangazwa na LATRA, hata mtu akitajiwa zaidi aweza kubisha kwa hoja. Wengi hupenda pia kuwapandisha watoto treni ya umeme, iliyoanza kwenda Morogoro mwezi wa Juni 2024 na Dodoma mwezi wa Julai mwaka huo huo. Morogoro huwezekana kwenda na kurudi siku moja. Lakini tazameni saa! Mitandao huandika saa kwa hesabu ya Kizungu. 06:00 ni saa kumi na mbili alfajiri, na 12:00 ni saa sita mchana. Bibi aliyesomewa "saa kumi na mbili" na mjukuu wake atakaa stesheni jioni akingoja treni iliyokwisha kuondoka adhuhuri. Kijana asome kwa Kizungu, kisha aseme kwa Kiswahili.

Programu za kuonyesha kibla nazo hupotoka, hasa simu ikiwa karibu na chuma, na majumba ya mjini yamejaa nondo. Kwa bahati Makka, Tanga na Dar es Salaam zimekaribia kuwa katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini, na kuelekea mashariki kidogo sana. Ukielekea kibla asubuhi, jua liwe mkono wako wa kuume. Programu ikisema vinginevyo, iacheni.

Ama mahali pa kwenda, kila nyumba ina hamu yake. Sisi twapendekeza Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1940, ambamo watoto watasikia habari za fuvu la kale lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Nayo iko katika mtaa wa Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani hapa hapa Tanga, na mtoto wa Tanga apaswa kulisoma jina lile katika kibao cha mtaa. Saa za kufungua zinazoandikwa mtandaoni huwa si za kweli mara nyingine. Pigeni simu kwanza.

Mwisho, namba ya nyumba, ya tiketi na ya mwenyeji ziandikwe katika karatasi mbili. Moja aichukue mama katika mkoba wake, kwani simu huzimika moto njiani, na ya pili ibaki Nguvumali kwa jirani.