Uyoga na Majani ya Porini: Mtoto Afundishwe Nini?

Mvua zishikapo katika nchi ya Njombe, tangu Novemba hata Aprili, kando ya barabara ipitayo Makambako huonekana akina mama na watoto wameweka ndoo za uyoga mbichi wakiwauzia wapitao. Ni chakula kizuri na ni riziki ya halali. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliihesabu kamaa, ambayo ni jamaa ya uyoga iotayo chini ya ardhi, kuwa katika mana. Basi hatuandiki haya ili kuwatia watu hofu ya pori. Twaandika kwa kuwa wako wazazi wamtumao mtoto kuchuma asichokijua, na wako wengine wamkatazao kila jani, naye akitoka na wenziwe hula kwa siri.

Wanavyuoni wetu wamesema kwamba kiotacho ardhini asili yake ni halali, ila chenye kudhuru au kulevya. Kwa hiyo kukijua chenye kudhuru ni sehemu ya kuijua halali na haramu, wala si elimu ya wachunga ng'ombe peke yao. Na katika Suratul Baqara tumesimuliwa kuwa Mwenyezi Mungu alimfundisha Adam majina ya vitu vyote. Njia hiyo ya majina, kimoja baada ya kimoja, ndiyo imfaayo mtoto hapa.

Yako majumbani maneno mengi ya kupimia sumu: ati kijiko cha fedha hugeuka cheusi, ati kitunguu hubadilika rangi, ati alichokula mdudu hakimdhuru binadamu, ati moto hukata kila sumu. Yote hayo ni uongo. Konokono hula uyoga umwuao mtu naye akaenda zake salama. Na sumu ya uyoga uuao kuliko wote duniani haiondoki kwa kuchemshwa wala kwa kukaushwa.

Aanze na uyoga wa kichuguu. Asiukate, bali auchimbue taratibu kwa kijiti, aone shina lake likishuka kama mzizi mrefu mpaka penye nyumba ya mchwa. Alama hiyo mtoto wa miaka saba huishika. Kisha aonyeshwe uyoga mkubwa mweupe uotao viwanjani na penye nyasi, ambao vijikunjo vyake chini ya kofia hugeuka kijani ukikomaa. Huo humtapisha mtu vibaya sana. Majina mawili au matatu kwa msimu mmoja yatosha. Uyoga wenye kikombe shinani auache kabisa. Ni kweli katika mapori ya miyombo wenyeji hula baadhi ya namna zake, lakini katika jamii hiyo hiyo wamo wauao, na kuwatenganisha si kazi ya mtoto.

Tena yapasa kuangalia mahali. Misonobari, ambayo wengi huko huiita mipaina, si miti ya asili ya Afrika Mashariki. Ililetwa, na pamoja na mizizi yake ukaja uyoga wa kigeni, kama ule mwekundu wenye madoa meupe ambao watoto huupenda kwa uzuri wake, nao una sumu. Bibi aujuaye uyoga wa miyombo kwa jina la Kibena hakurithi jina la ule wa mipaina. Kwa hiyo elimu yake ifuatwe huko ilikotoka, na chini ya mipaina asichume mtu.

Nani afundishe? Makambako ni njia panda ya Iringa, Mbeya na Songea, na reli ya TAZARA yapita hapo; wakaao humo wametoka kila upande. Aliyetoka pwani au Moshi asidhani kuwa kifananacho na cha kwao ndicho. Na amwendee jirani Mbena amjuaye kuwa mjuzi, ingawa si wa dini yetu, amwombe kwa adabu afuatane na watoto. Ibnul Baitar wa Malaga, aliyefariki Damascus mwaka 1248, alisafiri nchi nyingi akiitafuta mimea, akaandika habari za dawa na vyakula vipatavyo 1,400. Hakuona haya kuuliza.

Si uyoga peke yake. Mranaha, wenye maua marefu kama tarumbeta na tunda la miiba, huota majalalani na kandokando ya mashamba, na mchumaji mwenye haraka aweza kuuchanganya na mboga. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, unga wa msaada ulioingiwa na sumu ya namna hiyo uliwaua watu 5, na zaidi ya 300 wakaugua. Mbegu za mbarika nazo, zenye mabaka ya kupendeza, watoto huzichezea, zisifike kinywani. Na mtonga hufyonzwa nyama yake, mbegu zikatemwa.

Sharti la nyumba liwe moja: hakiliwi kitu porini kabla ya kuonyeshwa mkubwa akijuaye, na chenye shaka huachwa. Mtoto akija kusema, "Mama, nimekula hiki," asipigwe, la sivyo mara ya pili atanyamaza. Apelekwe hospitali saa ile ile, na mabaki ya alichokula, hata matapishi, yachukuliwe yakatazamwe na daktari. Asilazimishwe kutapika. Wala asingojewe kuumwa, kwani sumu ya uyoga mbaya aghalabu huanza kuuma baada ya saa 6 hata 24, kisha maumivu hupoa, wazee wakashukuru kuwa amepona, na kumbe ini linaharibika.